Bandari Isiyo na Meli: Kuhusu Istilahi za Kuingia Katika Seva

Mwongozo mmoja uliotafsiriwa kwa ajili ya watumishi wa ofisi umeletwa mezani petu ili lugha yake ipitiwe. Unaeleza namna ya kutafuta chanzo pale mtumishi anaposhindwa kuingia katika seva ya hifadhidata, hasa kosa linapokuwa katika mipango ya usalama wa mtandao na wala si la mtumishi mwenyewe. Ni kazi iliyofanywa kwa bidii, na sarufi yake ni safi kuliko ya miongozo mingi tuliyokwisha kuiona. Hata hivyo, mtumishi atakayeufuata kwa uaminifu hataifikia seva, na kinachomzuia ni istilahi.

Tuanze na sentensi hii: "Bandari 1433 imezuiwa na ukuta wa moto." Karani mmoja tuliyemsomea alituuliza, bila mzaha, kama bandari hiyo ni ya Tanga au ya Mtwara. Tulicheka, kisha tukatambua kwamba aliyekosea si yeye. Namba 1433 ndiyo ambayo SQL Server, programu ya hifadhidata ya kampuni ya Microsoft, huitumia kwa kawaida kupokea wageni wake. Kila kompyuta iliyo katika mtandao ina namba kama hizo kuanzia 0 hadi 65535, ili ujumbe uliofika kwenye anwani yake upelekwe kwa programu inayohusika: kurasa za tovuti zilizolindwa hupitia 443, hifadhidata ya MySQL hupitia 3306, na kadhalika. Kiingereza kina maneno mawili ya sura moja, moja lenye asili ya neno la Kilatini la bandari na jingine lenye asili ya neno la Kilatini la lango. Mafundi wa kompyuta wanatumia la pili. Mfasiri ameshika la kwanza. Kwetu sisi maneno hayo hayakugongana kamwe. Bandari, neno tulilolipokea kutoka Kiajemi, ni mahali pa vyombo vya baharini, na linalotakiwa hapa ni mlango tu. Wako wanaopendelea tundu. Sisi tungeliacha neno hilo kwa pale panapochomekwa waya, mahali panaposhikika kwa mkono.

Ukuta wa moto una ila kubwa zaidi. Asili yake ni ukuta wa matofali au mawe unaojengwa ili moto wa nyumba moja usienee hadi nyingine. Ni kweli kwamba kiunganishi -a katika Kiswahili chaweza kuonyesha kitu kinachopigwa vita: dawa ya panya haitengenezwi kwa panya. Lakini kikifuata neno ukuta, sikio la Mswahili husikia kitu kilichojengewa: ukuta wa mawe, ukuta wa udongo. Kwa hiyo msomaji anaona ndimi za moto. Jambo hili lingekuwa la kuchekesha tu, kama katika ukurasa mmoja mwongozo usingesema: "Zima ukuta wa moto kwa muda, kisha jaribu tena." Nani asiyeuzima moto? Agizo hilo linakubalika upesi mno kwa sababu kuzima ndilo jambo la busara la kuutendea moto, na anayefanya hivyo hahisi kwamba ameacha seva nzima wazi kwa kila anayepita. Neno ngome, ambalo baadhi ya wafasiri wanalitumia tayari, halina hatari hiyo. Ngome ina kuta, milango na walinzi. Hakuna mtumishi atakayeibomoa ngome ili mgeni mmoja apite, ilhali atauelewa mara moja ushauri ulio sahihi, yaani kufungua mlango 1433 peke yake, na kwa anwani zinazojulikana tu. Tulilifikiria pia neno bawabu, maana kitu chenyewe kwa hakika hufanya kazi ya kukagua wapitao. Tulilipenda, lakini ngome imekwisha kutangulia.

Lililotusumbua zaidi ni kitenzi kuingia. Mwongozo umeyakusanya matokeo matatu tofauti chini ya kauli moja, "Kuingia kumeshindikana," kisha katika yote ukamshauri mtumishi abadilishe neno lake la siri. Mila zetu za kubisha hodi zingetosha kumwongoza mfasiri. Kompyuta mbili zinapoanza kuzungumza, ya kwanza hubisha hodi, ya pili huitikia karibu, na ya kwanza huthibitisha kwamba imesikia. Ndipo mazungumzo yaanzapo. Mgeni anayebisha hodi bila kujibiwa hadi akachoka, mara nyingi amezuiwa na ngome iliyoamriwa kuwapuuza wageni, au mwenye nyumba hayupo kabisa. Mgeni anayejibiwa papo hapo kwamba hapokelewi, kwa kawaida ameifikia nyumba, ila nyuma ya mlango ule hakuna programu inayongoja. Ni wa tatu tu, aliyekaribishwa kisha akaambiwa "hatukutambui," mwenye sababu ya kulitazama upya neno lake la siri. Huyu wa tatu huacha alama: SQL Server huandika katika kumbukumbu zake kosa namba 18456. Wa kwanza haachi chochote humo, kwa sababu seva haikupata habari zake. Karani aliyepewa kauli moja kwa yote matatu atabadilisha neno la siri asubuhi, mchana na jioni, na orodha ya mishahara iko palepale.

Twapendekeza basi kauli tatu: "Seva haikuitikia," "Muunganisho umekataliwa," na "Hukutambuliwa." Kitenzi kuingia kibaki kwa mtu aliyekwisha kutambuliwa.

Machache mengine. "Bandari yenye nguvu" iliyo katika sura ya mwisho haina nguvu yoyote. Ni mlango unaobadilika, ambao namba yake huenda ikawa nyingine seva ikiwashwa upya, na ndiyo maana ngome iliyofunguliwa jana huweza kumzuia mgeni leo. "Seva inasikiliza" tungeisema seva inangoja. Kuhusu amri mbili za ngome, ile ya kumrudisha mgeni kwa jibu na ile ya kumwacha bila jibu, mwongozo unatumia "kukataa" kwa zote mbili. Kwa ya pili sisi tumeandika kupuuza, lakini mafundi wawili tuliowauliza wanaona neno hilo lina dharau. Wasomaji wenye neno bora zaidi watuletee kabla mwongozo haujarudishwa kwa mpigachapa.