Jina la Kongowea: Sanaa na Nasaba katika Siku Njema

Ni rahisi kuisoma Siku Njema, riwaya ya marehemu Ken Walibora iliyochapishwa mwaka 1996, kama hadithi ya yatima amtafutaye baba. Maudhui hayo yamo, tena yamo waziwazi mno. Lakini usomaji wa namna hiyo humsahau Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu wa Tanga, ambaye afa mapema na ambaye hata hivyo ndiye aliyemrithisha mwanawe mali ya pekee anayosafiri nayo: ulimi. Baba, Mkenya ambaye mwana hamjui, apatikana mbali, upande wa Kitale. Kabla ya hapo kijana ameishi kwa kipaji cha lugha.

Yafaa basi kulichunguza jina la mhusika mkuu huyu, Kongowea Mswahili. Kwa msomaji wa leo Kongowea ni soko lililo ng'ambo ya daraja la Nyali, ambako mboga na matunda ya bara huteremshwa na kununuliwa na watu wa pwani. Kwa wazee wa Mvita ni zaidi ya hilo: mapokeo yao yaitaja Kongowea kuwa mji wa Mwana Mkisi, ulio asili ya Mombasa. Walibora, mzaliwa wa magharibi ya Kenya, amempa jina hilo kijana wa mama wa pwani na baba atokaye Kenya, kisha akaongeza «Mswahili», kana kwamba anajibu swali kabla halijaulizwa.

Swali lenyewe liliulizwa mwaka uliofuata, na kwa ukatili. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, na watu wa bara wakatakiwa waondoke pwani. Waliuawa watu wengi. Maelfu waliyahama makazi yao. Riwaya haikutabiri jambo hilo, wala haipasi kusifiwa kwa utabiri. Hata hivyo, ilipokuja kuwa kitabu cha kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, iliwafikia pia wanafunzi wa Likoni na Changamwe, na kwa hao suala la nani ni mwenyeji halikuwa la nadharia. Jina la Kongowea liliwaambia kwamba Uswahili waweza kupatikana kwa mama aimbaye na kwa lugha isemwayo vizuri, bila kuukana ukoo wa baba.

Kasoro za kifani hazifichiki. Sadfa ni nyingi kupita kiasi. Bi Rahma, mlezi mkatili, ni mama wa kambo wa ngano tu. Hapewi hata sababu ya chuki yake. Kasoro iliyo kubwa zaidi ni ya kimaudhui: mtunzi aliyeanza na wimbo wa mama amalizia kwa baba. Sanaa yawekwa kando, damu yapewa neno la mwisho. Hapo riwaya yajipunguzia thamani yake yenyewe, kwa kuwa kilichomwezesha kijana kuvumilia hakikuwa damu.

Shafi Adam Shafi, katika Vuta N'kuvute (1999), achukua njia nyingine. Humo Mombasa ni mahali pa kifungo: Yasmini aletwa huko na Raza, mume aliyemzidi umri mno, naye atoroka na kurudi Unguja. Jamaa zake wamfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo, asiyekuwa ndugu wala kabila yake, na huko Yasmini ajiunga na waimbaji wa taarabu. Udugu hapa hautangulii wimbo, watokana nao. Hilo Shafi amelifahamu vyema kuliko Walibora, ingawa Kiswahili cha Walibora ndicho kilichopambwa zaidi.

Ajabu ni kwamba wala huyu wala yule hakuiweka sehemu kubwa ya hadithi yake katika bara hasa ya Mombasa. Mmoja amelichukua jina la Kongowea akaenda nalo Tanga na Kitale. Kwenye nyumba za vyumba vya kupanga za Changamwe, ambamo Mtaita, Mluo na Mgiriama hutumia ua mmoja na harusi ya mmoja huchezwa na wote, riwaya ya namna hii bado yangojea mtunzi.