Kisogo Nacho Kina Sura

Mitihani ya sanaa ya sekondari nchini Uganda ina karatasi ya kuchora mtu aliyeketi mbele ya mtahiniwa. Penseli humruhusu mwanafunzi kumtazama mtu huyo kutoka upande mmoja tu. Udongo wa kufinyangia kichwa chake hauruhusu. Mwanafunzi akishaumba macho, pua na mdomo hudhani amemaliza, mwalimu akageuza ubao: sikio limekaribia jicho, kisogo hakipo kabisa.

Hapo somo ndipo linapoanza. Anayeketi hugeuzwa kidogo kidogo, na bonge la udongo hugeuzwa naye. Mwanafunzi hupima kwa kijiti kutoka kidevuni hadi jichoni, kisha kutoka jichoni hadi utosini, akashangaa kukuta vipimo vinakaribia kulingana. Kumbe macho yako katikati ya kichwa, wala si juu alikoyaweka. Shingo nayo haisimami wima kama nguzo, huinamia mbele. Napenda sana kuona kijana akifuta pua aliyoihangaikia asubuhi nzima kwa sababu ameliona fuvu lililo chini yake.

Udongo wenyewe haukosekani. Mto Rwizi hupita katikati ya Mbarara, ambako wafyatua matofali huchimba kingoni, kisha huteremka kuelekea maziwa ya Mburo na Nakivale, penye makazi ya wakimbizi ya Nakivale yaliyoanzishwa 1958. Udongo huo hulowekwa, huondolewa mawe na mizizi, hukandwa, na huchanganywa na vigae vilivyopondwa. Wafinyanzi wa vyungu wameyajua hayo tangu zamani. Kichwa kilichojaa udongo huficha maji ndani, na maji yakigeuka mvuke tanurini, kazi ya wiki nzima hupasuka. Kwa hiyo sanamu ikianza kukakamaa, utosi hukatwa kwa waya, udongo wa ndani hukombwa hadi ubaki unene wa kidole, kingo zote mbili hukwaruzwa na kupakwa uji wa udongo, utosi ukarudishwa. Mshono ukisuguliwa vizuri, huuoni tena.

Uganda ina ukoo mrefu wa kazi hii. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba huko Luzira, Kampala, walifukua kichwa cha udongo uliochomwa. Leo kimo katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Mchongaji Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya, alijifunza sanaa chuoni Makerere kwa mwalimu Margaret Trowell, na mnara wake wa Uhuru, mama anayemwinua mtoto juu, umesimama Kampala tangu 1962. Uzunguke mnara ule: hauna mgongo uliosahauliwa.

Kijana wa Nakivale, awe ametoka Kongo, Burundi au Somalia, ameshapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole ili aandikishwe. Hayo huisha upesi. Kuketi saa nzima huku wenzako wakiutafuta mfupa wa shavu lako, kisha ukashika udongo wewe na mmoja wao akaketi, ni kutazamwa kwa namna nyingine kabisa, na ninatamani kila shule ya huko iwe na somo hili. Vifaa vyake ni waya, vijiti, spoku ya baiskeli, kitambaa kibichi na mfuko wa kufunikia usiku. Tanuri hujengwa kwa matofali ya hapohapo. Walimu wakuu waombwe jambo moja: vipindi viwili vinavyofuatana kwenye ratiba, maana dakika arobaini huisha kabla sikio halijapata mahali pake.