Fani na Maudhui ya Pendekezo la Mkutano

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuchambua shairi, riwaya na tamthilia, na kuyaacha maandishi ya kazi kana kwamba hayana fani. Walakini pendekezo la makala, yaani ule muhtasari ambao mwalimu wa chuo kikuu huupeleka kwa waandalizi ili aruhusiwe kuzungumza mkutanoni, lina kanuni zinazobana kama zile za utenzi. Idadi ya maneno imepangwa. Mada sharti iangukie katika fungu lililokwisha kutajwa. Na wasomaji wake ni wachache mno, wenye mamlaka ya kulikubali au kulitupa. Katika mikutano ya vyombo na teknolojia ya elimu, mathalani EdMedia unaoandaliwa na chama cha AACE cha Marekani, au eLearning Africa ulioanza Addis Ababa mwaka 2006, utanzu huu umekomaa kiasi cha kustahili uhakiki.

Yafaa kuanza na anwani. Aghalabu huwa na vipande viwili vilivyotengwa kwa nukta mbili: cha kwanza huchekesha au kushtua, cha pili huorodhesha istilahi. (Mshororo wa shairi nao una ukwapi na utao, lakini huko kila kipande hubeba mzigo wake.) Baada ya anwani huja tatizo, kisha chombo, kisha matokeo, na hapo ndipo penye kasoro kubwa. Kwa kuwa pendekezo hudaiwa miezi mingi kabla ya mkutano, mara nyingi mwandishi hueleza matokeo ya kazi ambayo hajaimaliza. Husema makala yake "yaonyesha", ilhali haki ya jambo ni kwamba yatajaribu kuonyesha. Chombo hufanywa mhusika mkuu; mwanafunzi hubaki mhusika bapa, asiye na kijiji wala umri, ambaye kazi yake ni kufaidika.

Uzito wa kasoro hii hudhihirika mtu akijaribu kuitia katika kalibu hiyo kampeni ya Mtu ni Afya, iliyofanywa Tanzania mwaka 1973. Chombo chake kilikuwa redio, ambayo hata wakati huo haikuwa ngeni. Kwa majuma 12 watu wazima wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana juu ya malaria na maradhi ya kuhara, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Kiini cha kampeni kilianza pale redio ilipozimwa. Msomaji wa mapendekezo angeuliza uvumbuzi uko wapi, naye mwandishi, kwa kuogopa kukataliwa, angejaza ukurasa kwa habari za redio na kuacha majembe nje.

Si kwamba ufupi ni adui. Mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika shule za msingi za Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulijengwa juu ya majaribio na vipimo, nao ungeingia katika ukurasa huo bila kupoteza mengi.

Suala la lugha ni zito zaidi. eLearning Africa umekutana Nairobi mwaka 2007, Kampala mwaka 2014, na Dar es Salaam mwaka 2011 na tena 2025, lakini lugha zake za kazi ni Kiingereza na Kifaransa. Msomi anayefundisha ngeli za Kiswahili kwa kanda za sauti au kwa simu hana budi kuieleza kazi hiyo kwa lugha nyingine, mjini ambako hata dereva wa teksi angemfuata kwa Kiswahili. Wapo wanaodai kwamba hasara ni ndogo, maadam makala yaweza kutafsiriwa baadaye. Hoja hiyo haina mashiko. Istilahi hukomaa mtu anapowaeleza jambo wenzake wanaoweza kumbishia. Kompyuta, tarakilishi na ngamizi ni majina ya mashine moja, nayo yalitungwa au kukopwa pasipo jukwaa la kuyapambanisha. BAKITA iliundwa mwaka 1967, na Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Hatua hizo zote mbili hazijamwandikia mtu pendekezo.

Idara za Kiswahili nazo hazina udhuru. Katika makongamano ya vyama kama CHAKITA ikisiri huandikwa kwa Kiswahili, lakini nyingi huvaa kanzu iliyoshonewa mwingine: "Makala haya yanadhamiria kuchunguza", kisha jina la nadharia, kisha ahadi. Darasa halitajwi, wala shule, wala chombo kilichoharibika katikati ya somo. Ikisiri ya Mtu ni Afya ingetosha kwa sentensi tatu: nani walikutana, walisikia nini, na kesho yake walichimba wapi.