Jicho la Aliyecheza

Jumamosi moja jioni hapa Kaaga, baridi ya Mlima Kenya ikishuka, niliwakuta wasichana kumi na wawili wakifanyia mazoezi densi ya tamasha la drama. Miguu peku kwenye nyasi, sweta zimefungwa viunoni. Mwalimu wao alikuwa akiwapigia mdundo kwa mtungi wa plastiki. Mara akaacha kupiga, akarudi nyuma hadi kwenye mgrevilea, akawatazama kimya. Kisha akamwendea msichana wa mwisho, akainama, akamgusa kisigino. "Usikimbilie kutua," akamwambia. Wakarudia, na mstari mzima ukatulia.

Nikajua kwamba yule mama aliwahi kucheza. Jicho lile hulipiwa kwa magoti.

Nilimkumbuka Faustin Linyekula, mchezaji densi wa Kongo aliyekuja kuwa mtunzi na mkurugenzi. Alizaliwa mwaka 1974 Ubundu, kando ya mto Kongo. Vyuo vikuu vya Zaire vilipofungwa alikuja Nairobi, na huko, mwaka 1997, yeye pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen wakaanzisha Gàara, kundi lililofungua njia ya densi ya kisasa nchini Kenya. Ulaya ikamjua. Lakini mwaka 2001, vita havijaisha, alirudi kwao akaanzisha Studios Kabako mjini Kinshasa, na mwaka 2006 akaihamishia Kisangani. Kabako ni jina la rafiki yake aliyefariki.

Uamuzi huo wa kurudi naustahi kuliko tuzo zake zote. Mchezaji anaujua mwili wake. Mtunzi huuona mwili wa mwenzake na kutambua unachoweza kabla mwenyewe hajatambua. Akishakuwa mkurugenzi, anabeba pia njaa, nauli na paa la wenzake. Kisangani ni mbali na kumbi kubwa za dunia, na hapo ndipo alipotaka vijana wa filamu, muziki na densi wapate mahali pa kufanyia kazi. Ng'ambo ya mto, Lubunga, kundi lake lilijishughulisha hata na suala la maji safi.

Na hakuacha kucheza. Katika onyesho lake Le Cargo, mwaka 2011, alisimama jukwaani peke yake, akisimulia na kucheza safari ya kurudi kijiji cha Obilo kuzitafuta ngoma za utotoni mwake.

Sisi wa huku ngoma hatujazipoteza. Wachuka bado huibana ngoma ndefu kati ya mapaja na kuipiga huku wakicheza nayo, mtu na ngoma wakiinama pamoja. Kijana aliyekua akiona hayo ana mengi ya kutungia.

Ndugu msomaji, wasichana wale watamaliza shule. Mmoja wao akikwambia anataka densi iwe kazi yake, usimwulize atakula nini. Mwulize anafanyia mazoezi wapi, kisha umtafutie ukumbi.