Rangi ya Elektroni

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba fizikia ya kwanta. Sisi tunawajibu kwa mhadhara wa kwanza wa Allan Adams, uliorekodiwa mwaka 2013 katika chuo cha MIT, Marekani, ambao kijana wa Kariakoo aweza kuutazama kwa simu yake.

Mwalimu huyo haanzi kwa istilahi nzito. Sifa mbili za elektroni amezipa majina ya nyumbani: rangi na ugumu. Maneno hayo tunayo. Elektroni nyeupe hupimwa ugumu, zikachaguliwa zilizo laini. Zikipimwa rangi tena, nusu hutoka nyeusi. Ni kana kwamba mchuuzi wa Kariakoo amechagua maharage meupe, akatenga yaliyo laini, kisha akafungua gunia na kukuta nusu yamekuwa meusi.

Huo ndio ufundi wa mhadhara: maneno mepesi, wazo zito. Kasoro yake ni kwamba hauulizwi swali. Hapo ndipo wajibu wa mwalimu wetu unapoanza: ausimamishe, wanafunzi wabishane kwa Kiswahili. Asipofanya hivyo, wataondoka na Kiingereza cha mhadhara bila fizikia yake.