Donge Lilikuwa Bado Linayumba

Mliokuwapo kwenye onyesho la Jumamosi mliona wenyewe. Kilo tatu za udongo, gurudumu la umeme, na fundi aliyezamisha dole gumba kwenye donge ambalo lilikuwa bado linayumba. Bakuli lile liliharibika pale pale. Kuanguka baadaye kulikuwa kutimiza ratiba tu.

Udongo ulikandwa vizuri na ukabandikwa barabara kwenye kisahani cha gurudumu. Hapo sina neno.

Balaa lilianza alipoushusha mara ya pili udongo aliouinua kuwa koni. Juu donge lilitulia, lakini chini, kama vidole viwili kutoka kisahanini, lilikuwa likimpiga kiganja kila mzunguko. Waliokaa kushoto kwake walikiona kiwiko kikichezacheza hewani. Kiwiko kisichokita pajani hakisukumi udongo; udongo ndio unaokisukuma. Dawa yake kila mwanafunzi anaijua: kita kiwiko, inama, bana shina la donge kwa ubavu wa kiganja, vuta subira, kisha achia mkono polepole, maana ukiuchomoa ghafla unaliyumbisha upya. Mwenye shaka huchukua sindano na kuisogeza taratibu mpaka iguse udongo. Ikichora upande mmoja tu, kazi bado. Sindano ilikuwa mezani, mbele ya macho yake! Yeye akamwaga maji, akapunguza mwendo, akatoboa.

Huo mwendo ndio uliomdanganya. Gurudumu likipungua kasi, mapigo mkononi hulegea, na mtu hudhani donge limekaa kati. Nayo maji hulainisha kiganja tu. Hayarudishi udongo kitovuni hata kidogo, na yakizidi huulegeza.

Baada ya hapo kosa likahamia ukutani: upande mmoja mnene, wa pili mwembamba, na kila alipovuta, mdomo ukapanda shingo upande. Akaukata kwa sindano ile ile aliyoisahau, watu wakapiga makofi. Walichoshangilia sikukielewa. Ukikata mdomo, chini kunabaki kama kulivyokuwa.

Nimeshalisema hili mpaka mhariri amechoka: gurudumu la umeme linadekeza. Mfinyanzi Hamada Shoji wa Mashiko, Japani, alizungusha lake kwa kijiti. Kasi ilipoisha, alianza tena, kwa hiyo mikono yake haikuwa na mzunguko wa kupoteza. Itazameni pia filamu ya mwaka 1965 ya Isaac Button, mfinyanzi wa Yorkshire, kiko cha tumbaku kikiwa mdomoni, mwone donge linavyokaa kati bila mbwembwe. Na akina mama wa Kikisi, kule Ikombe kwenye Ziwa Nyasa, hawatumii gurudumu kabisa, na vyungu vyao vina duara ambalo bakuli la Jumamosi halikulipata.

Wapo walioniambia kuyumba kidogo kunakipa chombo uhai. Anayetaka chombo kilichopinda akifinyange kati kwanza, ndipo akipinde kwa kusudi lake. Ukuta usio na unene mmoja hukauka kwa zamu, upande mwembamba ukitangulia kusinyaa, na mara nyingi ufa huonekana kabla ya tanuri.

Fundi yule ana mikono mizuri, ndiyo maana nimeudhika. Alikuwa na muda, sindano na udongo wa kutosha kuanza upya, na kutoboa pale lilikuwa kosa lisilo na utetezi.