Wastani Ulipanda kwa Sababu Wateja Walifika

Mwaka 2009 Chris Zacharias, mhandisi wa YouTube, aliupunguza uzito ukurasa wa kutazamia video, akaufungulia sehemu ndogo ya watumiaji, kisha akasubiri takwimu. Zilipokuja zilikuwa kinyume cha matarajio: wastani wa muda wa ukurasa kufunguka ulikuwa umepanda. Ukurasa mwepesi ulionekana mzito kuliko ule wa zamani. Naichambua kazi hiyo kwa sababu wamiliki wengi wa biashara kwetu, kuanzia hoteli za Nungwi hadi maduka ya vipuri ya Kariakoo, wanapokarabati tovuti zao huwapima waliofanikiwa kuingia peke yao.

Ukurasa wa YouTube wakati huo ulikuwa na megabaiti 1.2, na kivinjari kililazimika kutuma makumi ya maombi kwenye seva ndipo ukamilike. Mhandisi mwenzake, aliyekuwa mwandamizi, alihoji inakuwaje mchezo mzima wa kompyuta wa aina ya Quake utoshe chini ya kilobaiti 100, halafu ukurasa mmoja wa video ushindwe. Zacharias akaifanya hiyo kilobaiti 100 kuwa lengo. Akaufumua ukurasa, akabakiza yale ambayo bila hayo video isingetazamika, lakini bado lengo halikufikiwa. Kilichomaliza kazi ni kuking'oa kicheza video cha Flash, kilichokuwa kizito sana, na mahali pake kuweka cha HTML5 ambacho alikuwa ametoka kukiandika. Ukurasa ukashuka hadi kilobaiti 98 na maombi 14. Mradi ukaitwa Feather.

Wengi husifu ile 98. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mimi naona 14 ndiyo namba ya kukaa nayo. Kila ombi ni safari ya kwenda na kurudi. Hadi Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipowashwa na kuziunganisha Mombasa na Dar es Salaam, intaneti yetu ya nje ilitegemea sana setilaiti zilizo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Ombi lipande, lishuke, jibu nalo lipande na kushuka: nusu sekunde imekwisha kabla ya baiti ya kwanza ya picha kufika. Kivinjari hutuma maombi kadhaa kwa pamoja, ni kweli, ila mengine hayawezi kutumwa mpaka yaliyotangulia yajibiwe. Faili la mpangilio likichelewa, kivinjari hakijui hata ni fonti gani kiifuate. Mikongo ya baharini imeifupisha safari hiyo. Hata hivyo, mteja aliye Kibondo saa mbili usiku, mnara wa simu umeelemewa na tovuti imehifadhiwa kwenye seva ya Ulaya, bado anailipia kila safari, tena kwa bando lake.

Turudi kwenye wastani. Zacharias alipozigawa takwimu kijiografia, jibu likaonekana. Watazamaji wa Asia ya Kusini-Mashariki, Amerika Kusini, Afrika na hata Siberia walikuwa wameongezeka sana, na kwao Feather ilichukua wastani wa zaidi ya dakika 2 kufunguka. Kilobaiti 98 kwa dakika 2 ni chini ya kilobaiti moja kwa sekunde. Kwa mwendo huo megabaiti 1.2 zinahitaji zaidi ya dakika 20. Nani angekaa dakika 20 kabla hata video haijaanza? Waliondoka, na kwa kuwa waliondoka mapema hawakuhesabiwa, hivyo wastani wa zamani ukabaki mzuri. Ukurasa mpya ukawafungulia, wakaingia kwa wingi na zile dakika zao 2, wastani ukapanda.

Kwa hiyo fundi akikuonyesha kwamba tovuti yako hufunguka kwa wastani wa sekunde tatu, muulize: kwa nani? Google yenyewe haitumii wastani katika vipimo vyake vya kasi. Huwapanga watembeleaji kuanzia mwenye kasi zaidi na kumtazama wa 75 kati ya 100. Kwa huyo, picha au fungu la maandishi lililo kubwa kuliko yote kwenye skrini linapaswa kuwa limeonekana ndani ya sekunde 2.5. Ni kipimo bora kuliko wastani, ingawa nacho hakimsemei aliyekata tamaa akiwa anatazama skrini nyeupe.

Kwenye tovuti za biashara ndogo, mzigo hukaa palepale mara nyingi. Picha ya simu ya megabaiti nne hupandishwa ilivyo, wakati ikipunguzwa upana hadi pikseli 1,200 na kuhifadhiwa kwa muundo wa WebP kwa kawaida haifiki hata kilobaiti 300. Kuna picha zinazopokezana juu ya ukurasa wa mwanzo, fonti tatu, na kisanduku cha mazungumzo kinachovuta JavaScript kutoka seva nyingine kabisa. Kinachoniuma zaidi ni bei na namba ya simu kuwekwa ndani ya bango la picha: bango likichelewa hakuna bei, na hata likifika mteja hawezi kuigusa namba apige. Yaandikwe kwa maandishi, juu kabisa. Namba hiyohiyo na saa za kazi ziwekwe pia kwenye wasifu wa biashara wa Google unaotokea pamoja na ramani. Wasifu huo ni bure, na wateja wengi huuona kabla ya tovuti yenyewe.

Waliokata tamaa nao wanaweza kutafutwa. Seva huandika kila ukurasa unapoombwa. Programu ya takwimu huhesabu pale tu hati yake inapofanikiwa kufanya kazi ndani ya kivinjari. Mwombe fundi akuletee hesabu zote mbili za mwezi mmoja, aondoe roboti za utafutaji, kisha azigawe kwa nchi na kwa aina ya simu. Baadhi ya watu huzuia programu za takwimu kwa makusudi, kwa hiyo pengo dogo litakuwepo kila mahali. Pengo likiwa kubwa kwa simu za bei nafuu kuliko kwa kompyuta, kazi ya kupunguza uzito ianzie hapo, na mwezi unaofuata usishangae wastani ukipanda.